Nyumba Asiyoingia Mkamwana

Hulda mke wa Anania alikuwa anawajua watu kwa miguu yao. Wengine huwajua wenzao kwa sauti, au kwa kikohozi, au kwa namna wanavyobisha hodi. Yeye alisikia nyayo njiani, mtu akiwa bado hajafika kwenye mianzi iliyozunguka ua, akakwambia huyo ni Idda kabeba maji, huyo ni mwalimu wa kanisa ana haraka zake, na yule ni mgeni, tena viatu vinambana. Watoto walidhani ni mchezo, wakawa wanakuja kwa kunyata ili wamshinde, na kila mara aliwashinda yeye. Haukuwa mchezo. Ilikuwa hofu tu, iliyokaa mwilini mwake muda mrefu mpaka ikageuka kuwa ujuzi.

Alizaliwa upande wa Lupembe enzi za Wajerumani, chai ikiwa haijapandwa kule, akaolewa kwenye kitongoji kilichokaa kati ya Njombe na Makambako, juu ya mgongo wa kilima wenye baridi ya kung'ata mifupa, na ukungu ambao mwezi wa sita huingia hadi jikoni bila kuomba ruhusa. Mumewe Anania alilima ulezi na kuimba kanisani, mtu wa maneno machache. Baba yake Anania aliitwa Yonathani. Huyu ndiye mtu ambaye Hulda aliishi naye karibu kwa miaka mingi kuliko binadamu mwingine yeyote, na ndiye ambaye hakuruhusiwa kumtazama usoni.

Ndivyo ilivyokuwa katika ukoo ule. Mkamwana, yaani mke wa mtoto, hakutani na baba mkwe wake. Akimsikia anakuja, anaacha njia na kugeukia kichakani. Jina lake halitaji. Chakula chake anakiweka kizingitini, anakohoa, anaondoka, ndipo mzee anatoka kukichukua. Likiwapo neno la lazima anawaambia kuku, na mzee, akiwa upande wa pili wa ukuta, anamjibu mbwa. Nyumba ya mzee haingii kabisa, ila siku moja tu, siku mzee anapokuwa maiti. Siku hiyo mkamwana ndiye wa kwanza kuingia na kuanza kilio, na kilio hicho ndicho kinachowaambia majirani kwamba jambo limekwisha, waje na majembe.

Mchungaji mmoja Mjerumani, mtu wa moyo mzuri na kichwa kigumu, aliwahi kuwakalisha Hulda na Yonathani benchi moja siku ya Pasaka, ili waumini waone kwamba ndani ya Kristo hakuna ukuta. Hulda aliruka dirishani akatoka nje. Watu walicheka mpaka sala ikaharibika, lakini Idda, rafiki yake, aliyetoka kumfuata, alimkuta nyuma ya kanisa anatetemeka mwili mzima na hawezi kufunga kanga yake. Mchungaji hakurudia tena.

Halafu vikaja vita. Vilianza mbali, mpakani, kule mto Songwe na ziwa Nyasa, ambako Wajerumani wa huku na Waingereza wa kule, majirani waliokuwa wakialikana chakula mwaka mmoja kabla, walianza kupigana risasi juu ya mstari waliouchora wenyewe. Watu wa Ubena, nchi ile ya Njombe, wengi wao hawakujua Songwe iko wapi. Hawakupewa muda wa kuuliza, kwa sababu mpaka ule ulihama na kuwafuata mlangoni. Waingereza walivuka, wakapanda milima, Njombe ikawa yao. Wajerumani waliokuwa wakirudi nyuma kutoka Tabora nao wakapitia huku huku, wakapigana Lupembe siku kadhaa, na milio ikasikika mpaka kilimani kwa akina Yonathani. Kupigana walipigana wenyewe na askari wao, lakini masanduku yao ya risasi na vitanda vyao vya kukunja vilihitaji vichwa vya watu. Ikawa anayekuja ni Mjerumani au Mwingereza, hilo halikumhusu mtu. La maana ni kama una mabega au huna.

Anania alichimba shimo katikati ya mianzi nyuma ya nyumba, akalifunika kwa fito na majani, akaacha na kitundu cha kutokea upande wa korongo. Watu watatu wangeweza kujibana humo. Alimwambia mkewe, aliyekuwa mjamzito, kwamba akisikia lolote asimtafute wala asimngoje, aingie.

Walikuja mchana kweupe, mwezi wa kumi na moja, udongo ukiwa umelowa kwa mvua za kwanza. Yowe lilitoka kilima cha pili, na Hulda akaingia shimoni kama alivyoagizwa. Anania alikuwa bondeni shambani. Alilala kifudifudi kwenye magugu marefu na hakuna aliyemwona. Mpaka hapo walikuwa wamepona wote wawili. Kisha Hulda akasikia miguu juu yake, miguu mizito, wa kulia ukikanyagia ukingo wa nje. Alikuwa Yonathani. Mzee wa watu alikuwa amekutwa mahali pa wazi, hakujua kama ndani kuna mtu, akasogeza fito na kuanza kushuka.

Cheka ukitaka. Mimi nilicheka niliposimuliwa mara ya kwanza, na bado naona aibu. Hofu uliyofundishwa ukiwa mtoto haipimi ukubwa wa hofu nyingine kabla ya kukurusha. Hulda alijifunika uso kwa kanga, akatambaa gizani mpaka kwenye kile kitundu, akatoka nje na kukimbia bondeni, mahali peupe, tumbo limemtangulia. Anania alimwona, na askari walio njiani aliwaona pia. Akasimama, akamkimbilia mkewe ili amlaze chini, na askari wakapata walichokuwa wakikitafuta, mwanamume mzima mwenye mabega. Hulda walimwacha, kwa kuwa tumbo lile halibebi sanduku. Anania walimtia kamba shingoni pamoja na wengine. Alipopitishwa mbele ya mkewe hakulia wala hakuaga, alimwambia tu, "Ingia ndani, kuna baridi."

Ilijulikana kwamba walipelekwa Mahenge. Baadaye ikasikika kwamba waliobaki hai walivushwa mto kuingia kwa Wareno. Baada ya hapo hakikusikika kitu. Wachache walirudi na vidonda vya mabegani ambavyo havikukauka, na hakuna hata mmoja aliyekuwa amemwona Anania akifa, kwa hiyo hakuliliwa. Huwezi kumlilia mtu ambaye huna hakika naye.

Vita vilikwisha, watu wakaambiwa nchi yao sasa inaitwa Tanganyika. Walikuwa wamelala kwa Mjerumani wakaamka kwa Mwingereza, na hakuna aliyewauliza. Bendera ikawa nyingine, hela nyingine, mfalme wa kuimbiwa shuleni mwingine, na jumbe akawa yule yule katika kofia mpya. Wachungaji Wajerumani waliondolewa, wakaja wengine wenye Kiswahili kibaya zaidi, kisha wale wa kwanza wakaruhusiwa kurudi. Barabara kubwa ikapitishwa Makambako, malori yakaanza kupita. Hayo ndiyo mabadiliko yanayosemwa. Yasiyosemwa ni kwamba watu walizihamisha nyumba zao kutoka kando ya njia wakazificha mianzini, mbwa anayebweka sana hakufugwa, na mtoto alifundishwa kunyamaza kabla hajafundishwa kusema. Nchi ilijengwa upya na watu ambao sikio moja lilikuwa njiani wakati wote.

Hulda alijifungua mtoto wa kiume, akaitwa Filbert. Mama mkwe alikufa kwa ile homa iliyokuja baada ya vita na kuzoa watu. Yonathani hakuwa na mtoto mwingine. Wakabaki watatu katika ua mmoja wenye nyumba mbili. Shamba walililima pamoja kwa namna yao: mzee alianzia upande wa juu, Hulda upande wa chini, na walipokaribiana katikati mmoja wao aliondoka na kumwachia mwenzake sehemu iliyobaki. Filbert alipoanza kusema akawa ulimi wa wote wawili, anatumwa huku na huku, babu anasema hivi, mama anasema vile. Yale ya shimoni hayakutumwa na mtu yeyote. Hulda aliamini kwamba mzee anajua nani alitoka shimoni na kumponza mwanawe, na kwamba anamchukia kwa hilo, kimya kimya, kila anapokula ugali wake. Angewauliza kuku, lakini kuna maneno ambayo hata kuku huwezi kuwaambia.

Miaka ikaenda. Filbert akawa mtu mzima mwenye mabega ya baba yake, na mabega hayo yakawa yanamkosesha mama yake usingizi, kwa sababu habari za vita zilikuwa zimerudi. Safari hii mpaka ulikuwa mwingine, kaskazini kabisa ya Kenya, ambako Waitaliano walioishika Abisinia walikuwa wanatazamana na Waingereza. Watu walisema ni mbali. Hulda aliwaambia hata Songwe ilikuwa mbali. Mchungaji Mjerumani alikuwa ameshapakiwa kwenye gari na kupelekwa asikokujua mtu, na waliokumbuka vita vya kwanza, walipoliona gari lile, wakaanza kuhamisha vyakula. Mwaka uliofuata, katikati ya baridi, jumbe akaagizwa atoe vijana wa Keya, yaani jeshi la Mwingereza. Malori yaliwangoja Makambako. Kwanza waliombwa kwa maneno mazuri. Maneno yalipoisha, wakaanza kukamatwa.

Vijana wa kilimani wakahamia msituni bondeni, mama zao wakawapelekea viazi na moto. Hulda alilifukua lile shimo la Anania kwa mikono yake, akalikuta limejaa maji. Akamwomba Filbert asitoke msituni kabisa. Filbert hakuwa mkaidi, ila babu yake alikuwa amezeeka, kifua kinambana kwa baridi, na hakuna wa kumwashia moto asubuhi. Mama haruhusiwi kuingia. Kwa hiyo kila alfajiri alipanda na ukungu, akaingia kwa babu, akamwashia moto na kumpasulia kuni, akashuka ukungu ukiwa bado mzito. Hulda alikaa jikoni kwake roho mkononi mpaka asikie miguu ile ikirudi bondeni.

Asubuhi moja akasikia miguu mingine. Ya mbele aliijua: ndala za Kristofa, tarishi wa jumbe, mzaliwa wa kilima hicho hicho, aliyepata kipaimara pamoja na Anania. Hakuwa mtu mbaya. Nyuma yake zilikuja buti, jozi kadhaa, zikikanyaga kwa pamoja, za watu waliotoka mbali. Zilikuwa zimeshavuka kijito. Moshi ulikuwa unatoka kwa Yonathani, na Filbert alikuwa humo. Mlango wa nyumba ile ulitazama njia waliyokuwa wanapanda, na mlango mwingine haukuwapo. Akitoka anaonwa. Wakiingia anapatikana.

Hulda alisimama katikati ya ua. Alikuwa amekwishakosea mara moja kwa kukimbia, na sasa miguu yake ilikuwa inamwambia akimbie tena. Akavuka ua, akaukanyaga ule mgongo wa kizingiti ambapo alikuwa ameweka sahani za chakula zaidi ya miaka ishirini, akaingia.

Ndani kulikuwa na moshi, kitanda cha mianzi, vikapu vya maharage, na juu ya nguzo shati la kanisani la Anania, limetundikwa vizuri, halina vumbi. Yonathani alikuwa amekaa kitandani na shuka mabegani. Alinyanyua uso. Hulda akauona kwa mara ya kwanza, na ulikuwa uso wa Anania uliozeeka. Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba wanafanana.

Alichosema hakikuwa maneno. Alikitazama kitanda, akamtazama Filbert, akautazama mlango. Mzee alielewa haraka kuliko kijana. Alijilaza, akanyoosha miguu, akajifunika shuka mpaka usoni. Filbert akasukumwa chini ya kitanda, nyuma ya vikapu. Hulda akavua kitambaa cha kichwani, akakifunga kiunoni kama wafiwa wanavyofunga, akafungua kinywa.

Alikuwa amedhani atashindwa kulia uongo. Lakini kilio kilikuwamo tayari, tangu ule mwezi wa kumi na moja, kimengoja ruhusa. Kilipotoka hata yeye kilimtisha. Alimlilia Anania kwa jina la baba yake, jina ambalo hakuwahi kulitamka maishani, na kilio kikaenda bondeni na kupanda vilima vya upande wa pili.

Kristofa alifika uani, akasimama, akavua kofia. Askari aliyewaongoza wenzake alitaka kuingia. Kristofa akamzuia kwa adabu, akamweleza kwamba mkamwana akilia mle ndani basi mwenye nyumba amekufa, hakuna njia nyingine ya kumkuta mle, na si vizuri kuingia kabla ya wazee.

"Tuwape nafasi, afande," alisema. "Sasa hivi vijana wote watakuja kuchimba kaburi."

Alisema kwa heshima tu, maskini, kama mtu anavyomweleza mgeni desturi za kwao. Askari aliitazama mianzi iliyozunguka ua. Kisha akasema vizuri, watawapa nafasi.

Hulda alisikiliza kwa lile sikio lake huku analia. Alisikia buti zikizunguka ua, zikaingia mianzini, upande huu na upande ule, zikatulia. Hazikuondoka. Ndipo alipoelewa alichofanya.

Maana hakuna kijana wa kilima kile ambaye angebaki amejificha wakati kuna kaburi la kuchimba. Mwenye deni anakuja, mwenye ugomvi na marehemu anakuja, anayetafutwa anakuja. Asiyekuja kuchimba, siku yake atachimbiwa na nani? Askari angeweza kuutafuta msitu ule mwezi mzima bila kumpata mtu, na Hulda alikuwa anawaita wote kwa kinywa chake.

Akinyamaza, askari watajua ni hila, wataingia, watainua shuka, watamkuta Filbert. Akiendelea, watakuja. Miguu ikaanza kusikika bondeni, mingi, inakimbia, na yeye alikuwa anaijua yote. Huyu ni Sila. Hawa ni wale ndugu wawili wa kando ya kijito. Na huyu mwepesi, anayeruka mawe, ni Festo, mtoto pekee wa Idda, na nyuma yake Idda mwenyewe, anahema. Vyuma vya majembe viligongana njiani. Hulda aliwahesabia hatua zao mpaka wakafika uani, na hakunyamaza. Aliendelea kulia.

Wazee walielekeza mahali, mbele kidogo ya ua, kando ya kaburi la mke wa mzee. Vijana walivua mashati wakaanza kuchimba. Ukungu ulikuwa umeanza kupungua. Wanawake walikuwa wanajifunga vitambaa ili waingie ndani walipotoka wale askari mianzini, na haikuchukua muda hata kidogo, kwa kuwa aliyeko ndani ya shimo linalomfika kiunoni hawezi kukimbia. Kristofa alipaza sauti akisema afande, afande, hawa wako msibani. Hakuna aliyemsikiliza. Akina mama wakapiga mayowe, na mayowe yale hayakufanana na kilio cha Hulda.

Chini ya kitanda Filbert alikuwa amesikia kila kitu. Alitambaa kutoka. Yonathani, aliyekuwa maiti, akatoa mkono ndani ya shuka na kumshika kifundo cha mguu, na mkono ule mzee uliokuwa haushiki kikombe bila kumwaga, ulishika kweli kweli. Hulda alikuwa amesimama mlangoni, mikono imeshika miimo yote miwili. Kilio kilikuwa kimemkauka.

"Babu, niachie," Filbert alisema. "Wenzangu wamekuja kukuzika wewe."

Aliinama, akavilegeza vile vidole kimoja baada ya kingine. Kisha akaja mlangoni. Hulda hakumpisha wala hakumzuia. Filbert alimshika mabegani, akamsogeza pembeni kwa upole kama mtu anavyosogeza mtungi uliojaa, akatoka. Askari alicheka alipomwona. Kristofa hakuinua macho. Idda alimtazama Filbert, akautazama mlango aliotokea, akamwona Yonathani ameketi kitandani, mzima, shuka imemwangukia kiunoni. Aliokota jembe la mwanawe, akaondoka.

Waliteremshwa kwenda barabara ya Makambako. Hulda alibaki akisikiliza miguu ya Filbert ndani ya miguu ya wenzake, akaifuata mpaka kwenye kijito, akaifuata hadi upande wa pili, halafu zile buti zikaanza kukanyaga kwa nguvu na hakuweza tena kuibagua.

"Hulda," ilisema sauti nyuma yake.

Alikuwa hajawahi kusikia jina lake kwa sauti ile. Aligeuka.

"Siku ile shimoni nilikusikia unatoka," Yonathani alisema. "Ningesema kaa, ungekaa. Sikusema. Niliogopa kusema na wewe kuliko nilivyowaogopa wale askari."

Hulda alikaa chini pale pale, kwenye udongo, karibu na moto ambao mwanawe alikuwa ameuwasha. Miaka yote alikuwa amedhani anachukiwa. Hakulia, hakuwa na kilio kilichobaki. Baada ya muda aliusogeza ukuni mmoja, kwa sababu moto ulikuwa unazimika na mzee alikuwa anatetemeka.

Tangu hapo hakukuwa na sababu ya kuweka chakula kizingitini. Alikiingiza, wakala pamoja, hawajui hata watazame wapi. Kwa majirani ilikuwa habari nyingine. Alipowasalimu kamwene, waliitikia wakiwa wameshapita, au hawakuitikia. Kisimani alipofika ndoo ziliondolewa. Kanisani aliachiwa benchi zima. Idda alikuwa anazunguka njia ndefu ya bondeni ili asipite karibu na ua ule, na Hulda alizisikia nyayo zake zikizunguka, kila asubuhi na kila jioni. Kaburi lile lililochimbwa nusu hakuna aliyelifukia. Kulifukia tupu waliogopa, na kulitazama waliogopa pia. Likaota majani, mvua ikalijaza, likakauka, likaota tena.

Habari za vijana zilikuja kwa vipande. Walipigana na Waitaliano, wakawashinda, ikadhaniwa watarudi. Hawakurudi. Walipandishwa meli wakapelekwa Bama, nchi ambayo mwalimu wa kanisa alishindwa kuwaeleza iko upande gani. Kisha hata vipande vikakatika. Jioni Hulda na Yonathani walikaa kwa moto, na mtu akipita njiani mzee aliuliza ni nani, naye akamjibu. Jibu halikumpendeza hata mmoja wao siku yoyote, lakini mzee aliuliza tena kesho yake.

Yonathani alikufa mwezi wa saba, vita vikiwa bado vinaendelea, asubuhi ya ukungu kama ile nyingine. Hulda alipomgusa alikuwa ameshakuwa wa baridi. Alivua kitambaa, akakifunga kiunoni, akasimama ndani ya nyumba ile na kulia, jinsi anavyotakiwa mkamwana kulia, kwa sauti ya kufika vilima vya pili.

Hakuna aliyekuja. Alilia mpaka sauti ikapasuka. Alisikia milango ikifunguliwa kilimani, watu wakatoka nje, wakasimama kusikiliza. Hakuna mguu uliosogea. Alijua wanamsikia, na alijua wanachowaza, na hakuweza kuwalaumu. Hofu ikamjia ambayo hakuwa nayo hata siku zile za askari, kwamba atabaki na mzee wa watu ndani, peke yake, na hakuna atakayemwamini mpaka harufu iwaambie. Alitoka, akatafuta jembe, akaenda pale kwenye lile shimo la majani.

Ndipo akasikia miguu. Ilikuja kwa njia fupi, si ile ya bondeni. Idda aliingia uani na jembe la Festo begani. Alikuwa amekonda. Alimpita Hulda bila salamu.

"Nimekuja kuangalia kwanza," alisema.

Akaingia. Hulda alimwona kwa mlango uliokuwa wazi, ameinama, ameinua shuka upande wa chini, ameishika miguu ya Yonathani kwa mikono yote miwili na kuikamata kitambo kirefu. Kisha akaifunika. Akaja mlangoni, akasimama kizingitini, akaangua kilio yeye, mtu asiye mkamwana wa nyumba ile wala ndugu, na kilima kikasikia.

Watu wakaanza kushuka. Hulda alisikiliza nyayo zao katika ukungu, akimtambua mmoja mmoja, na zilikuwa za polepole, za kuburuta, zenye kupumzika njiani. Waliokuja na majembe walikuwa wazee watupu.